Stata haijui jana ni lini mpaka uiambie

Haya jamani, watu wanaonitafuta kuhusu mambo ya data wengi wao wanakuja na swali moja tu, nitumie modeli gani, fiksidi ifekti au randomu ifekti, na ukimwambia nitumie faili nilione anakuletea Excel ambayo Machi iko juu ya Januari, Wete imeandikwa kwa sura tatu (Wete, WETE, na Wete yenye nafasi mbele yake), na kila baada ya mistari kumi na mbili kuna mstari wa "JUMLA" uliopakwa rangi ya manjano. Sasa modeli gani tena hapo yakhe. Mie leo nataka kuandika kuhusu kile kinachotangulia modeli, kuipanga data ya wakati mpaka softwea ijue kipi kimetangulia kipi, mana huko ndo kwenye kazi, na kwa data za kwetu Unguja na Pemba kuna mambo ambayo waliotengeneza hizi programu hawakuyafikiria kabisa. Natumia Stata zaidi, programu ya takwimu, kwa sababu ndo ninayoshinda nayo kutwa, R na Python ntazigusa njiani.

Ukizichambua hizi komandi zote za data za wakati, lagi (thamani ya kipindi cha nyuma), tofauti, ukuaji, wastani unaotembea, utaona zote zinauliza kitu kimoja: kabla ya hapa palikuwa na nini? Na softwea haijui. Inajua mistari tu. Ukiandika

gen bei_nyuma = bei[_n-1]

Stata inachukua namba iliyo mstari wa juu, basi, haiangalii tarehe, haiangalii wilaya. Kwa mfuatano mmoja uliopangwa vizuri na usiokosa mwezi hata mmoja utapata jibu sahihi. Lakini chukua faili la bei za mchele za wilaya nne za Pemba, Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani, kila moja kuanzia Januari 2019 mpaka Disemba 2023, zimepangwa moja chini ya nyengine. Mstari wa kwanza wa Wete unapata "mwezi uliopita" wake kutoka Disemba 2023 ya Micheweni, yaani umeruka miaka mitano mbele na kuhama wilaya kwa pamoja, na Stata haipigi kelele, inakuandikia tu kwamba kigeu kipya kina thamani moja isiyokuwepo. Hiyo moja ndo ya kuishtukia! Wilaya nne zilitakiwa zikose nne, mana kila wilaya mwezi wake wa kwanza hauna wa nyuma yake. Mie kila nikitengeneza lagi naangalia hiyo namba kwanza kabla ya kuangalia chengine chochote, na nakushauri na wewe ufanye hivyo, ni sekunde mbili tu.

Dawa yake ni kuitangazia mapema nani ni nani na wakati ni upi.

replace wilaya = strproper(strtrim(wilaya))
encode wilaya, gen(wid)
xtset wid mwezi

Mstari wa kwanza unasafisha majina, mana bila ya huo Wete zako tatu zitakuwa wilaya tatu. Wa pili unageuza majina kuwa namba, kwa sababu xtset haipokei maneno. Wa tatu ndo tangazo lenyewe. Kuanzia hapo ukiandika L.bei Stata inatafuta ndani ya wilaya ileile mwezi ambao namba yake ni pungufu kwa moja, ukiwepo inakupa bei yake, usipokuwepo inakupa nukta, ndo alama yake ya kisichokuwepo, na haijali mistari imekaa vipi. L. inauliza wakati, [_n-1] inauliza mstari. Mtu akilielewa hilo peke yake nusu ya maswali anayoniuliza hana haja nayo tena.

Kuna wakati xtset inagoma, inakwambia muda umejirudia ndani ya paneli (kila unachokifuatilia kwa wakati, hapa ni wilaya) na namba ya kosa r(451), na hapo watu wengi wanakimbilia duplicates drop wid mwezi, force. Mie hiyo force siipendi hata kidogo. Stata inakwambia kitu cha maana sana, kwamba kwenye faili lako Wete ina bei mbili kwa Machi ileile, na kazi yako ni kujua kwa nini. Mara nyingi ni kwa sababu kuna mchele wa mapembe na kuna mchele wa Mbeya na kolamu ya aina haikuingia kwenye hesabu, au wilaya ina masoko mawili. Ukitupa mmoja kwa nguvu, mwezi huu kitabaki mapembe, mwezi ujao kitabaki Mbeya, na grafu yako itakuonyesha mchele umepanda bei kwa kishindo kumbe sokoni hakukupanda kitu. Ukishajua sababu unatengeneza kitambulisho kipana zaidi, egen pid = group(wilaya soko aina), halafu xtset pid mwezi, na inakaa kimya yenyewe.

Sasa tarehe, hapa ndo penye vituko. Tarehe 1 Januari 2024 kwa Excel ni 45292, kwa Stata ni 23376, kwa R ni 19723. Siku ni moja, kila mmoja ameanza kuhesabu pake. Excel inahesabu kutoka 1900 (na ndani yake imo tarehe 29 Februari 1900 ambayo haikuwahi kuwepo duniani, waliirithi kutoka Lotus 1-2-3 na wakaiacha hivyohivyo mpaka leo), Stata inaanzia 1 Januari 1960 na R inaanzia 1 Januari 1970. Kwa hiyo kolamu ya tarehe ikiingia Stata kama 45292 usibabaike, toa 21916 halafu weka fomati ya %td (ya siku), imekwisha. Lakini mwezi kwa Stata ni hesabu nyengine kabisa, Januari 1960 ni sifuri, Februari ni moja, mpaka Januari 2024 unafika 768. Mtu anayo 23376, ambayo ni siku, anataka kuona miezi, anaandika format tarehe %tm na Stata inamuonyesha 3908m1, yaani Januari ya mwaka 3908. Fomati ni kanzu tu, ukimvisha mtu kanzu nyengine aliye ndani ni yuleyule. Unatakiwa ugeuze namba yenyewe, gen mwezi = mofd(tarehe), ndo uje na format mwezi %tm.

Hiyo ya 3908 angalau inachekesha na mtu anashtuka. Mbaya zaidi ni ile ya kimya. Unayo data ya kila mwezi lakini imeandikwa kwa tarehe ya mwanzo wa mwezi, 1 Januari, 1 Februari, 1 Machi, na umeiacha hivyo kama siku ukaipa xtset. Inakubali. Ukiomba L.bei ya 1 Februari inatafuta 31 Januari, haipo, nukta. Ya 1 Machi inatafuta 29 Februari, haipo, nukta. Kolamu nzima ni nukta na modeli inakwambia hakuna data za kutosha, na mtu anakesha akitafuta kosa kwenye modeli! Dawa ni ileile ya mofd.

Na msinisahaulishe Excel ya laptopu iliyowekwa mpangilio wa Kimarekani. Karani kaandika 5/3/2023 akikusudia tano ya mwezi wa tatu, Excel imesoma 3 Mei. Kaandika 13/3/2023, Excel haikuona mwezi wa kumi na tatu ikaiacha kama maandishi. Kwa hiyo faili moja lina tarehe zilizogeuzwa vibaya na tarehe zisizogeuzwa kabisa. Ukiona kwenye kolamu moja tarehe nyengine zimeegemea kulia na nyengine kushoto ujue ndo hilo. Mie nikipata nafasi ya kutengeneza fomu kabla data hazijakusanywa naweka kolamu tatu, siku, mwezi, mwaka, namba tupu, halafu naziunganisha mwenyewe kwa mdy(mwezi, siku, mwaka), na hapo hakuna wa kuniharibia.

Twende kwenye kulinganisha na mwaka jana, mana bei zetu bila ya kulinganisha mwezi na mwezi wa mwaka uliopita hazisomeki. Watu wanaandika D12.bei wakidhani wanapata bei ya sasa toa bei ya miezi kumi na mbili nyuma. Sivyo. D12 ni tofauti ya tofauti ya tofauti, mara kumi na mbili, namba zinatoka kubwa za ajabu na alama zinarukaruka. Unayoitaka ni S12.bei. Kwa asilimia andika 100*S12.bei/L12.bei. Wapo wenye ripoti zilizopita zina D12 ndani yake, sitaji mtu.

Mapengo sasa. Kwenye data za samaki mapengo ni ya kawaida, kusi likivuma vibaya vyombo havitoki, siku hiyo diko halina samaki na hakuna bei. Au samaki wapo ila karani hakufika. Au karani kafika, kaandika sifuri. Hizi ni hali tatu tofauti na kwenye faili zote zinaweza kukaa kama kisanduku kitupu au kama 0, na hakuna softwea itakayokutofautishia. Kilo sifuri ni habari ya kweli, siku hiyo hakikuvuliwa kitu. Bei sifuri ni upuuzi, hakuna samaki wa bure. Kwa hiyo mie bei sifuri nageuza nukta, kilo nazirudia moja moja na kitabu cha diko mkononi.

tsfill inakujazia miezi au siku zinazokosekana katikati, inaweka mstari mpya wenye tarehe na nukta, na ukiongeza full inajaza wilaya zote zianze na kumaliza pamoja. Ni nzuri kwa sababu pengo lililokuwa limejificha sasa unaliona. Kabla yake andika xtdescribe, inakuchorea kila sura ya mapengo iliyomo kwenye paneli zako kwa moja na nukta, 1111.111, na paneli ngapi zina sura hiyo, unaona kwa macho pengo liko wapi. Ila ukishakuwa na nukta jihadhari na mambo mawili. La kwanza, kwa Stata nukta ni kubwa kuliko namba yoyote, kwa hiyo ukisema if bei > 5000 na wasiokuwa na bei wote wanaingia humo, lazima uongeze & !missing(bei). La pili ni collapse, komandi ya kukusanya mistari mingi kuwa mmoja. Ukijumlisha kilo kwa collapse (sum) na mwezi mzima haukuandikwa, jibu linatoka 0, si nukta. Mwezi ambao karani alikuwa likizo umegeuka mwezi ambao bahari haikutoa hata dagaa mmoja, halafu mtu anaandika sura nzima ya tasnifu kuhusu uvuvi kuporomoka. Hesabu na siku zilizoandikwa pembeni, collapse (sum) kilo (count) siku=kilo, by(wid mwezi), ukiona siku ni 0 rudisha nukta.

Na kujaza mapengo kwa kukokota bei ya nyuma, replace bei = bei[_n-1] if missing(bei), inatembea kama moto mana kila iliyojazwa inajaza inayofuata, pengo la miezi minane linakuwa ngazi moja bapa ya miezi minane na likishuka kwenye modeli linasema bei ilikuwa imetulia sana. Ukijaza, jaza kwenye kigeu kipya na uweke alama ipi ni ya kweli na ipi umeitia wewe.

Wa R na wa Python msijione mmepona, lag() ya dplyr (paketi ya R) na shift(1) ya pandas (paketi ya Python) zote zinahesabu mistari kama [_n-1] ileile. Bila ya arrange na group_by(wilaya) kwa R, au sort_values na groupby('wilaya') kwa pandas, Wete itaokota bei ya Micheweni kama kawaida. Na R ina vimbwanga vyake, ina lag mbili, ya dplyr na ile ya asili ya stats, na ya stats inasogeza upande usioutarajia, lag(x, 1) kwenye ts inakuletea ya mbele, ukitaka ya nyuma unaandika -1. Ikiwa umesahau kufungua dplyr siku hiyo utapata kitu chengine kabisa kwa jina lilelile. Wanaopenda R nawashauri paketi ya tsibble, mana inakulazimisha useme mwanzo kabisa kipi ni kitambulisho na kipi ni wakati, na ina fill_gaps() ya kujaza.

Sasa ya kwetu wenyewe.

Kwanza wilaya hazikai. Sensa ya 2012 Zanzibar ilikuwa na wilaya 10, sensa ya 2022 ni 11, kwa sababu ile Magharibi imegawiwa ikawa Magharibi A na Magharibi B. Kwenye paneli yako utaona Magharibi inakufa katikati na wapya wawili wanazaliwa hawana historia. Softwea inaona wilaya tatu. Mie nafanya moja tu, naziunganisha A na B zirudi kuwa Magharibi moja ya mwanzo mpaka mwisho, napoteza kidogo lakini nina mfuatano kamili. Unapounganisha, kilo na watu unajumlisha, bei hujumlishi na wala hupigi wastani wa kawaida, unapima kwa kiasi kilichouzwa, soko kubwa liwe na uzito wake. Shehia nazo zinagawiwa, na huko ndo shughuli hasa, kabla ya kuunganisha faili mbili za shehia za miaka tofauti tengeneza jedwali dogo la "jina la zamani, jina jipya" na ulipitishe kwenye merge m:1 (mistari mingi kwa mmoja), na kama kuna mtu kakufundisha merge m:m mwambie akome.

Hapohapo kwenye sensa, 2012 tulikuwa 1,303,569 na 2022 tukawa 1,889,773, hiyo ni ukuaji wa kama asilimia 3.7 kwa mwaka. Ni vituo viwili tu. Watu wanachora mstari kati yake kwa ipolate wakapata idadi ya watu ya kila mwezi, halafu wanagawa kilo za samaki kwa watu, sawa sikatai, lakini usije ukaiweka ile idadi ya watu kwenye modeli kama kigeu kinachojitegemea, mana mstari uliouchora wewe hauna habari yoyote zaidi ya saa kutembea.

Pili, Ramadhani. Hii ndo nayoiona kila mara kwenye kazi za wanafunzi wa kwetu na inaniumiza. Mtu anachukua bei za ndizi, muhogo, viazi vitamu na samaki za Marikiti ya Darajani au Mwanakwerekwe, anaweka dami (vigeu vya 0 na 1) za miezi kumi na mbili, anasema ameshamaliza mambo ya msimu. Sote tunajua ni wakati gani muhogo unapanda bei Unguja, na wakati huo hauko Machi wala Aprili, uko kwenye mfungo, na mfungo unarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kizungu. 2019 tulifunga Mei. 2022 Aprili karibu yote. 2025 Machi. 2026 umeingia Februari. Kwa hiyo S12 inalinganisha Machi ya mfungo na Machi isiyokuwa ya mfungo, na dami ya Machi inagawana Ramadhani na masika, huwezi kujua kipi kimepandisha bei, mvua au futari. Hata zile programu kubwa za kuondoa msimu, X-13ARIMA-SEATS ya ofisi ya sensa ya Marekani kwa mfano, zimekuja na Pasaka ndani yake tayari, Ramadhani unaitia mwenyewe.

Na kuitia si kazi. Tengeneza faili la siku moja moja, kila siku ina 1 ikiwa ni ya mfungo na 0 ikiwa siyo, halafu

gen mwezi = mofd(tarehe)
collapse (sum) siku_rmd=rmd, by(mwezi)

unapata kila mwezi una siku ngapi za mfungo, unaiunganisha na faili la bei kwa merge m:1 mwezi. Kwa 2024 mfungo ulianza 11 au 12 Machi, kutegemea wewe unamfuata nani kaona mwezi, kwa hiyo Machi inapata siku ishirini au ishirini na moja na zilizobaki zinaingia Aprili, na hiyo tofauti ya siku moja haikuharibii hesabu za mwezi. Usijaribu njia ya mkato ya kuweka tarehe ya kuanza na kumaliza kwa kila mwaka halafu uunganishe kwa mwaka, mana 2030 tutafunga Januari na tutaanza tena kufunga Disemba ya mwaka huohuo, na hapo mwaka mmoja una Ramadhani mbili. Ongeza pia kigeu cha wiki moja kabla ya mfungo, wanaokwenda sokoni wanajua kwa nini. Tahadhari moja: Ramadhani ni ileile kwa wilaya zote, kwa hiyo ukiweka dami ya kila mwezi wa kila mwaka kwenye paneli, kigeu chako cha mfungo kinamezwa na Stata inakitupa. Chagua kimoja.

Karafuu zina ugonjwa huohuo kwa upande wa bei. Bei ya karafuu inatangazwa na mnunuzi ni mmoja, ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, Mkoani na Wete bei ya daraja moja ni moja. Ukiandika xtsum bei utaona tofauti baina ya wilaya ni sifuri, na ndani ya wilaya ni ngazi, imekaa palepale miezi na miezi halafu inaruka. Sasa mtu akitaka kupima bei inavyosukuma uchumaji kwa kutumia paneli ya wilaya na dami za wakati, hakuna kitu cha kupima hapo, na hakuna komandi itakayomtolea. Atafute tofauti kwenye mvua, umri wa mikarafuu, watu wa kuchuma. Na wakati wenyewe usiuweke kwa mwaka wa kalenda, uchumaji unaanza nusu ya pili ya mwaka na unavuka Januari, ukikata Disemba umeukata msimu mmoja vipande viwili. Tengeneza msimu wa Julai mpaka Juni, ambao kwa bahati nzuri unakwenda sawa na mwaka wa fedha wa serikali:

gen msimu = year(dofm(mwezi)) - (month(dofm(mwezi)) < 7)

na hata ukishaupata, kumbuka mkarafuu ukizaa sana msimu huu unaofuata hupumzika, kwa hiyo L.kilo itakuja na alama ya kutoa na hiyo ni tabia ya mti, usiende kuandika kwamba wakulima wamekata tamaa.

Pwani nako hawahesabu wiki. Wanaokwenda kuchokoa pweza Jambiani na Kizimkazi wanakwenda na bamvu, maji yakitoka sana mwamba unakuwa wazi, na bamvu linakuja baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, yaani kila siku 14 na robo tatu hivi. Ukikusanya pweza kwa wiki ya Jumatatu mpaka Jumapili, wiki moja ina bamvu, nyengine ina maji mafu, na kwa kuwa 14 na robo tatu si wiki mbili kamili, mawimbi yanateleza polepole juu ya wiki zako na utaona panda shuka za miezi kadhaa ambazo hazipo baharini. Bakia na siku, tengeneza umri wa mwezi:

gen umri = mod(tarehe - td(11jan2024), 29.53)

11 Januari 2024 mwezi ulikuwa mpya, na mod ya Stata inakwenda sawa hata kwa tarehe za nyuma ya hapo. Si ya kumtangazia mtu Idi, lakini kwa kujua siku gani ni bamvu inatosha. Ukikusanya, kusanya kwa nusu mwezi huo, siyo kwa wiki.

Mwisho saa. Kwenye makaratasi ya diko karani kaandika "saa 3", kwenye tableti imeandikwa 9:00, na faili limeunganishwa kolamu moja. Kama kuna kolamu ya asubuhi, mchana au usiku umepona: za mchana ni mod(saa,12)+6, kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 11 jioni, za usiku ni mod(mod(saa,12)+18,24). Kama haipo hiyo kolamu, angalia aina ya uvuvi, mana dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa kiza na chombo kinarudi alfajiri. Tableti nyengine zinatuma muda wa UTC (saa ya kimataifa), hiyo ongeza masaa matatu, na tushukuru kwetu saa hazirudishwi nyuma wala kusogezwa mbele kila msimu kama Ulaya. Muda wa saa na dakika kwa Stata uuhifadhi kama double (aina ya namba yenye nafasi kubwa), gen double muda = clock(...), ukiuacha ukawa float dakika zinapotea. Na kwa hao wa dagaa, safari inatoka saa 12 jioni ya leo inashuka samaki saa 11 alfajiri ya kesho, kwa hiyo kabla ya xtset amua tarehe ya safari ni ipi, mie naweka ya kutoka, gen safari = dofc(muda - 12*60*60*1000), natoa masaa kumi na mbili ndo nachukua siku, na chombo kimoja kinabaki na mstari mmoja kwa usiku mmoja.